Wanasimulia vizuri kweli lakini wakishika kalamu wanaganda, walimu naombeni msaada

Mwl_Langoni · Jumapili, saa 3:50 usiku

Assalam aleikum walimu wenzangu na wazazi. Niko Amu, yaani Lamu, nafundisha Kiswahili gredi ya 4, watoto 47 darasa moja. Nimekaa na daftari zao za insha tangu baada ya magharibi na sasa hivi inakaribia saa nne, nikaona bora niulize hapa kuliko nilale na hili jambo moyoni.

Niliwapa insha kichwa chake "Siku nisiyoisahau". Katika daftari 47, daftari 31 zimeanza hivi hivi: "Ilikuwa siku ya Jumamosi, nilirauka alfajiri na mapema majogoo yalipokuwa yakiwika." Nimehesabu, 31. Alafu baada ya hapo karibu wote wamekwenda harusini au wamepanda ndege kwenda Nairobi, kukawa na shangwe na nderemo na vifijo, wakala wakashiba, wakarudi nyumbani hoi bin taabani. Wengine hawa najua hawajawahi kuvuka kwenda mbali zaidi ya Mokowe, hapo bara tu. Na hilo neno kurauka sijawahi kumsikia hata mmoja wao akilisema uwanjani.

Sasa kinachoniuma ni hiki. Kuna msichana mmoja anakaa karibu na dirisha. Jumatatu wakati wa mapumziko nilimkuta amezungukwa na wenzake kama kumi hivi anawahadithia vile punda wa ami yake alivyozaa usiku uchochoroni mlangoni kwao. Nikasimama nyuma nikasikiliza. Alieleza vile miguu ya mbele ilivyotangulia kutoka, akaeleza ule utando akasema ni kama plastiki ya kufunikia daftari, akaeleza masikio yalivyokuwa yamelowa yamegandana na shingo, alafu akajirusha chini pale pale mchangani kuwaonyesha mtoto wa punda alivyokuwa akisimama na kuanguka. Wenzake walikuwa kimya kabisa, kengele ikalia hawakuondoka. Mimi mwenyewe sikuondoka.

Daftari lake nimelifungua leo usiku. "Ilikuwa siku ya Jumamosi, nilirauka..." Mistari sita, harusi ya shangazi, basi. Punda hayumo.

Nimefundisha miaka minne tu. Sitaki kumlaumu mtoto kwa sababu naona hili ni langu. Mnafanyaje mpaka kile kilichoko mdomoni kishuke kwenye karatasi?

Bi_Mkomani · Jumatatu, saa 12:20 asubuhi

Waaleikum salam mwanangu. Nimestaafu sasa lakini nimesimama mbele ya ubao zaidi ya miaka thelathini na hii yako nimeiona kila mwaka, kwa hivyo tulia.

Kwanza ujue hao watoto hawajakosea. Wamefanya walichofundishwa. Mtihani wa zamani wa darasa la nane ulikuwa na insha ya dakika 40 kwa alama 40, na sisi walimu tukagundua kwamba mtoto akiingia na mwanzo wa kukariri na misemo kumi mfukoni hatatoka mikono mitupu, basi tukawajaza majogoo na nderemo tangu darasa la nne. Mtihani wenyewe umefanywa mara ya mwisho 2023 na haupo tena, lakini majogoo bado yanawika darasani kwa sababu sisi tuliofundishwa hivyo ndio tunaofundisha, na vile vitabu vya mifano ya insha bado viko madukani, na kaka na dada nyumbani wanawapa wadogo wao ule mwanzo kama urithi. Mtoto anafikiri insha ndiyo hiyo. Ukimwambia andika kuhusu punda atakuuliza kama inaruhusiwa. Mimi nishaulizwa hivyo, kwa maneno hayo hayo, "mwalimu inaruhusiwa?"

La pili ni mkono. Wewe ukiandika huufikirii mkono wako lakini mtoto wa miaka tisa kumi bado anaufikiria. Anafikiria herufi inapanda au inashuka chini ya mstari, anafikiria "ng'ombe" ile alama inakaa wapi, anafikiria mwalimu atapiga mstari mwekundu wapi, na huku punda anamngoja. Akimaliza kuandika neno "uchochoroni" sentensi iliyokuwa kichwani ishapotea. Ndo maana anakimbilia kitu anachokijua kwa moyo, kile hakimdai kufikiri. Pale uwanjani alikuwa na mdomo, mikono, mchanga wa kujirusha na watu kumi wanaomtazama, na ulipompa daftari ulimuondolea vyote hivyo kwa mpigo, ukamwachia kalamu peke yake.

Kwa hivyo usianze na kalamu. Mimi nilikuwa nafanya hivi, nawapanga wawili wawili, mmoja anamsimulia mwenzake dakika chache, alafu yule aliyesikiliza kazi yake ni kuuliza maswali mawili ya kitu ambacho hakukiona vizuri. Sio maswali ya mwalimu, maswali ya mtoto. "Damu ilikuwepo?" "Ami yako aliogopa?" Alafu wanabadilishana. Hapo ndo unawapa karatasi na unawaambia waandike sentensi tatu tu, na sentensi ya kwanza ianzie pale pale jambo lilipoanza. Punda alilala mlangoni. Usimuache aamke, aoge, apige mswaki, anywe chai, maana akifika kwa punda ameshachoka na wino umeisha.

Sentensi tatu mwanangu. Wiki hata mbili za sentensi tatu. Utaona wenyewe watakuomba ya nne.

Kaka_wa_Gede · Jumatatu, saa 7:15 mchana

Naunga mkono hapo kwa Bi. Mimi niko upande wa Malindi, darasa langu wako 62 na wengi nyumbani wanaongea Kigiriama, kwa hivyo mzigo wao umezidi kidogo, mtoto anafikiria kwa Kigiriama alafu anatafuta Kiswahili alafu ndo anatafuta herufi.

Kilichonisaidia mimi ni kuwaandikia. Yaani mtoto anasema mimi naandika ubaoni vile vile alivyosema bila kuremba, alafu anakuja mbele anasoma maneno yake mwenyewe na darasa zima linasoma. Siku ya kwanza nilimchagua kijana mmoja ambaye alikuwa hata jina lake anaandika kwa shida, babake ni mvuvi, akasema "Baba alirudi bila samaki akakaa nje hakuongea." Nikaiandika hivyo hivyo. Alipoiona ubaoni alinyamaza alafu akaniuliza kama anaweza kuinakili kwenye daftari lake. Akainakili polepole karibu nusu saa wenzake washaenda kwenye hesabu na mimi nikamwacha. Tangu siku hiyo anaandika, makosa yapo mengi lakini anaandika.

Na Kiswahili kwa hili kimetubeba jamani, tusisahau. Vokali tano, na neno linaandikwa vile linavyotamkwa, mtoto aliyeshika silabi zake ba be bi bo bu vizuri anaweza kuandika karibu neno lolote analolisema hata kama hajawahi kuliona limeandikwa. Kwa Kiingereza wanasubiri miaka. Kwa hivyo wakikuuliza "mwalimu uchochoroni inaandikwaje" usimpe, mwambie alitamke polepole apige makofi u-cho-cho-ro-ni aandike anachosikia.

Shida kubwa kwangu ni kukata maneno. "Ali kwenda", "ana cheza", "nita kuja". Kwa hili nawaambia hivi, sema "ali" alafu nyamaza, mwenzako ameelewa kitu? Hajaelewa. Basi hilo si neno, linangoja mwenzake, waandike pamoja. Sijapata njia nyingine iliyowaingia haraka kama hii.

Mama_wa_wawili · Jumatatu, saa 2:05 usiku

Mimi sio mwalimu ni mzazi, samahani nikiingilia. Nataka kuuliza kitu kimoja kwa sababu naona mnasema waandike tu. Mwanangu yuko gredi ya 5, daftari lake linarudi nyumbani na makosa hayajasahihishwa na mimi nikiona hivyo nafikiri mwalimu hajalisoma. Nilishawahi kwenda shuleni kulalamika kwa hilo. Sasa je nilikosea? Maana zamani sisi daftari lilikuwa linarudi jekundu lote na ndo tukajua kuandika.

Bi_Mkomani · Jumatatu, saa 3:30 usiku

Hukukosea mwanangu kwenda kuuliza, mzazi anayefungua daftari la mwanawe ni rehema kwa mwalimu, wengi hawafungui. Lakini nikwambie kitu nilichokifanya mwenyewe na ninakijutia mpaka leo. Nilikuwa na mwanafunzi mvulana aliandika ukurasa mzima, mara ya kwanza ukurasa mzima, kuhusu mashua yao kupigwa na kusi na maji kuingia. Nikakaa na kalamu nyekundu nikahesabu makosa 40 na kitu, nikayapigia mstari yote, nikaona nimefanya kazi nzuri. Insha yake iliyofuata ilikuwa mistari minne na haina kosa hata moja, na haina kitu. Alijifunza kwamba ukiandika kidogo unapigwa kidogo.

Baada ya hapo nikawa nachagua kosa moja kwa wiki nawatangazia kabla. Wiki hii naangalia herufi kubwa na nukta peke yake. Wiki ijayo naangalia maneno yaliyokatwa. Mengine nayaona nayaacha yangoje zamu yake. Na kabla sijagusa kosa lolote nilikuwa naandika chini swali moja la kweli kuhusu alichokisimulia, sio "vizuri" au "jitahidi", swali, kama ambavyo ungemuuliza mtu mzima aliyekuhadithia jambo barazani. Kwa hivyo mama ukiona daftari lina swali na kosa moja limesahihishwa ujue mwalimu amelisoma, tena amelisoma zaidi ya yule wa mistari mekundu.

Mwl_wa_zamu · Jumatatu, saa 4:10 usiku

Naheshimu sana walionitangulia lakini mimi nina wasiwasi na lazima niuseme. Nafundisha gredi ya 7 na 8, wale mnaotuletea. Napokea mtoto wa miaka 13 anaandika "ali kuja" na "kwa sababu" anaiandika neno moja na nukta hajui inakaa wapi, na ukimsahihisha anashangaa kwa sababu hajawahi kuambiwa. Wakati huo mkono ushazoea. Kosa la miaka minne haliondoki kwa wiki moja. Kosa moja kwa wiki sawa, lakini kuna mwalimu anafuatilia kweli mpaka mwisho wa muhula? Au ndo linakuwa pumziko la kutosahihisha? Nauliza kwa sababu nawapenda hawa watoto kama nyinyi mnavyowapenda, na mimi ndiye ninayewaona wakilia na mitihani.

Kaka_wa_Gede · Jumanne, saa 12:45 asubuhi

Mwalimu hapo umesema kweli na mimi sikujibu kwa ubishi. Bila kuandika mahali umefikia wapi inakuwa uvivu. Mimi nina karatasi imebandikwa nyuma ya mlango wa darasa, kila kosa tulilolimaliza linaandikwa pale na tarehe, na likishaandikwa pale halina msamaha tena, kila daftari nalisahihisha hilo na yale yote yaliyotangulia. Muhula uliopita tulifika saba. Sio mengi lakini hayo saba watoto wenyewe wanakamatana, hawaningoji mimi.

Ustadh_wa_Faza · Jumanne, saa 10:30 jioni

Assalam aleikum. Mimi nasomesha chuo, yaani madrasa, jioni na nina neno moja kuhusu mkono ambalo naona halijaguswa. Watoto wa huku wengi wanaanza chuo kabla ya shule, wanaanza kuandika alif na bee kutoka kulia, alafu asubuhi wanaambiwa waanze kushoto. Nishasikia walimu wa shule wakisema chuo kinawachanganya watoto. Hakiwachanganyi. Mtoto anayefungua daftari kutoka nyuma si mjinga, anajua maandishi ya aina mbili na hajaambiwa hili daftari ni la ipi. Mwekee nukta ya kijani juu kushoto, mwambie hapa ndo mlango wa kuingilia, siku chache tu amezoea. Na wale wadogo wanaogeuza b na d wapeni muda, wenzao ambao hawakusoma chuo pia wanazigeuza.

Tena mkono wa mtoto wa chuo unakuwa umeshazoea kalamu. Mtumieni.

Na jambo la pili, hapa kwetu kuandika sio kitu kilicholetwa na shule. Mwana Kupona aliyezaliwa Pate alimuandikia bintiye utendi mwaka 1858, kwa herufi za Kiarabu na kwa Kiswahili cha huku huku, na anaanza kwa kumwita binti asogee na wino na karatasi kwa sababu ana jambo moyoni anataka kumwambia. Alikuwa mgonjwa na alikuwa na mtu mmoja wa kumwambia. Nikisoma swali la mwalimu wa Langoni nawaza huyo msichana wa punda pale uwanjani alikuwa na watu kumi wa kuwaambia, na kwenye daftari alikuwa na nani?

Mwl_Langoni · Ijumaa, saa 2:40 usiku

Shukran sana mama, shukran kaka, shukran ustadh, na mwalimu wa gredi ya 7 nimekusikia. Nimejaribu siku tatu narudi na habari.

Jumatano niliwaweka wawili wawili. Kelele zilikuwa nyingi mpaka mwalimu wa darasa la pili akaja kuchungulia dirishani. Lakini maswali yao jamani! Mmoja alikuwa anasimulia vile walivyokwenda Matondoni kwa bibi yake, mwenzake akamuuliza "bibi yako akisuka mkeka anaanzia katikati au pembeni?" na yule hakujua, akasema ataenda kuangalia. Hilo swali mimi nisingelifikiria.

Nikawapa karatasi, sio daftari la insha, karatasi tupu nusu nusu. Sentensi tatu. Watoto 9 bado walirauka. Wengine wote walianza kwenye jambo. Msichana wa dirishani aliandika moja tu akaomba aende nayo nyumbani.

Sasa nimepata tatizo jipya. Wanaandika Kiamu, Kiswahili cha huku kwetu. "Yana tulikwenda pwani", "mayi yalikuwa mengi", "nilitoka ndiani", "mama aliosha zombo", yaani jana, maji, njiani, vyombo. Ndivyo wanavyosema nyumbani na ndivyo nilivyokulia mimi mwenyewe. Nikisahihisha naona namfunga mdomo tena yule niliyetoka kumfungua, nisiposahihisha mtihani hautamhurumia. Hapo nifanyeje?

Bi_Mkomani · Ijumaa, saa 3:15 usiku

Ah, hapo umenigusa mahali.

Mwanangu, "mayi" si kosa. Hilo ulishike kabla ya kitu kingine chochote. Watu walikutana Mombasa 1928 wakaamua Kiswahili cha shuleni kifuate Kiunguja, na 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia, na ni sawa, nchi zote hizi zilihitaji Kiswahili kimoja cha vitabu. Lakini Kiamu kilikuwa kinaandikiwa mashairi muda mrefu kabla ya mkutano huo. Mtoto akiambiwa "mayi" ni kosa amesikia kwamba bibi yake anakosea kila siku tangu azaliwe.

Mimi nilikuwa na ubao umegawanywa mara mbili, upande mmoja nimeandika "nyumbani" na wa pili "kitabuni". Mayi, maji. Moya, moja. Mato, macho. Ndia, njia. Nti, nchi. Kuya, kuja. Watoto wenyewe ndio walioleta maneno, na baada ya siku chache waligundua peke yao kwamba pale nyumbani tunaposema y mara nyingi kitabuni kuna j, wakawa wanawinda maneno mpaka wakiwa njiani. Ile ni sarufi wameigundua bila mimi kuwaambia. Alafu rasimu ya kwanza nilikuwa nawaachia lugha yoyote inayokuja. Wakiandika mara ya pili kwa ajili ya kubandika ukutani ndo tunaangalia ile orodha tunageuza. Ila mtu akinukuu maneno ya bibi yake ndani ya alama za mtajo, hayo hayageuzwi, bibi anasema alivyosema.

Mwl_wa_zamu · Ijumaa, saa 3:40 usiku

Hii ya orodha mbili naichukua nayo gredi ya 7, Jumatatu inshaallah. Nilikuwa nawapigia mstari tu bila kuwaeleza linatoka wapi.

Kaka_wa_Gede · Jumamosi, saa 1:30 asubuhi

Dada nimekuwa nikifikiria lile swali la ustadh, kwenye daftari alikuwa na nani. Nina wazo. Basi la Malindi kwenda Mokowe lipo kila siku na kuna dereva ambaye mwanawe nimemfundisha. Watoto wako wawaandikie watoto wangu. Barua za kweli kwenye bahasha. Wangu hawajui maisha ya mji wenye vichochoro ambavyo gari haliingii, wakiambiwa punda anabeba simenti na mchanga kutoka gatini mpaka mlangoni watataka kujua kila kitu, na wako labda hawajawahi kuona magofu ya Gede na kima wanavyonyang'anya watu chakula pale. Wataulizana. Mimi na wewe kazi yetu ni bahasha tu.

Mwl_Langoni · Jumapili, saa 3:05 usiku

Kaka nimekubali, na nimeshaongea na mwalimu mkuu hana pingamizi.

Yule msichana alinirudishia karatasi yake Ijumaa mwisho wa masomo, kaiweka mezani kaondoka mbio. Nimemuomba ruhusa jana nilipokutana naye na mamake sokoni, wote wawili wamekubali niiweke hapa. Sijagusa kitu.

*Punda wa ami alilala ndiani. Nikafikiri amekufa. Ami akaniambia shika tochi usitetemeke. Ilitoka miguu miwili alafu pua. Masikio yalikuwa yame lowa yame ganda shingoni. Akataka kusimama aka anguka. Aka simama aka anguka. Mara ya tatu aka simama miguu ina tetemeka kama yangu. Mamake alimlamba mato. Tochi ikaisha chaji. Tukakaa gizani tukasikia ana nyonya.*

Nimeisoma mara nyingi sijui ngapi. Maneno aliyoyakata nimeyaona, mwalimu wa gredi ya 7 usijali, zamu yake inaanza wiki ijayo na karatasi ya nyuma ya mlango nimeshaibandika. Chini ya ukurasa niliandika swali moja tu, ami yake alijuaje kwamba punda hajafa.

Mama_wa_wawili · Jumapili, saa 3:20 usiku

Mashallah. "Tukasikia ana nyonya." Nimemsomea mwanangu akaniambia rudia.

Ustadh_wa_Faza · Jumatatu, saa 12:10 asubuhi

Allah ambariki. Mwambieni asiache.

Kaka_wa_Gede · Jumanne, saa 8:00 mchana

Dada nimeisoma darasani leo asubuhi, watoto 62 na hakuna aliyekohoa. Nilipomaliza mikono ikapanda. Nitakuandikia yote kwenye barua lakini lile lililoulizwa na wengi ni walimpa jina gani. Na kuna mmoja nyuma kabisa, yule mtoto wa mvuvi niliyewaambia, anataka kujua kama punda mdogo akizaliwa usiku anaona gizani, kwa sababu paka wao anaona. Ameliandika mwenyewe hilo swali, naliweka kwenye bahasha na mwandiko wake.

Mwl_Langoni · Jumanne, saa 2:15 usiku

Jina nalijua, ameniambia, lakini silisemi hapa. Nimemwambia kuna watoto Malindi wanauliza, akanitazama akasema "wananiuliza mimi?" alafu akaomba karatasi nyingine.

Bahasha itakuwa kwa dereva Mokowe Ijumaa asubuhi, barua 47. Nyingine ni za mistari miwili, mbili zina michoro mingi kuliko maneno, na moja imeanza na majogoo, mzipokee zote hivyo hivyo.